Je, Aliyeshindwa Mtihani Atafute Tena Kuwa Daktari?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatangazwapo, katika vijiji vya bonde la Rukwa, tangu Milepa na Ilemba hata Kaoze na Kipeta, husikika vigelegele katika nyumba hii na kimya katika nyumba ile. Na katika zile nyumba za kimya hukosi kumkuta kijana aliyekuwa akisema tangu utoto wake, "Mimi nitakuwa daktari." Sasa karatasi imesema vingine. Alama zake za hesabu, kemia na fizikia ni haba. Hata hivyo neno lake halikubadilika; bado ataka udaktari. Basi swali tutakalolipima leo ndilo hili: je, kijana huyu afanya vema akiishika tena njia ile, au yampasa kukubali kwamba mlango umefungwa, akatafute kazi nyingine?

Tumesikia majibu ya namna mbili, na yote mawili hutolewa upesi mno. Wako wasemao, "Kila mtu na fungu lake, aliyepewa jembe asitamani sindano." Na wako wasemao, "Hakuna lisilowezekana. Mtu akitaka kwa moyo wote atapata." Jibu la kwanza lafanana na unyenyekevu, na la pili lafanana na imani. Lakini tukiyatazama kwa karibu, twaona kwamba la kwanza huenda likawa ni uvivu wa mshauri, asiyetaka kujitaabisha kwa mtoto wa mwenzake. Na la pili huenda likawa ni maneno matamu yasiyomgharimu msemaji kitu. Mshauri wa kweli hana budi kuuliza kwanza: ile karatasi imepima nini?

Mtihani hupima yale mtu aliyoyajua siku ile, na kwa lugha ile aliyoulizwa. Mtoto wa Kaoze husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kisha huingia sekondari, na fizikia na kemia humjia kwa Kiingereza. Asipofahamu, hajui kama kilichomshinda ni kemia au ni Kiingereza. Tena wako waliokaa muda mrefu bila mwalimu wa sayansi, wakasikia habari za maabara kama mtu wa milimani asikiavyo habari za bahari. Wako waliokwenda kwa miguu mwendo mrefu asubuhi na jioni. Na mpunga ukiwa shambani, mikono ya mtoto hutakiwa nyumbani kabla ya kitabu. Mtu akishindana mbio hali amejitwika gunia, kisha akafika nyuma ya wenzake, twajua kwamba amechelewa. Lakini hatujajua bado nguvu za miguu yake.

Tukumbuke pia yaliyotokea si zamani sana. Mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012, matokeo yake yalipotangazwa mwezi wa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 kati ya karibu 400,000 walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Mizengo Pinda, aliye mwana wa nchi hizi zetu za magharibi, aliunda tume ya kuchunguza. Na mwezi wa Mei serikali iliyafuta matokeo yale, ikaagiza alama zipangwe upya. Zilipopangwa, maelfu ya watoto waliinuliwa, ingawa zaidi ya nusu walibaki chini. Sasa twauliza: yule aliyekuwa sifuri mwezi wa Februari, kisha akaambiwa kwamba si sifuri tena, yeye mwenyewe alibadilika nini katikati? Hakusoma hata ukurasa mmoja zaidi. Majibu aliyoyaandika ni yale yale. Kilichobadilika ni kipimo tu. Basi mzazi asimwite mtoto wake kwa jina la alama zake, maana alama ni habari za mtihani mmoja, wala si jina la mtu.

Tena mlango mwembamba haupimi akili peke yake. Hupima na idadi ya viti vilivyomo ndani. Zamani za utawala wa Waingereza, aliyetaka kusomea udaktari katika nchi hizi alitazama Makerere katika Uganda, ambako mafundisho ya utabibu yalianza mwaka 1924. Na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wake wazalendo walikuwa kama 12 tu. Je, tuseme kwamba katika mamilioni ya watu wa Tanganyika walikuwamo wenye akili 12? La, hasha. Viti ndivyo vilivyokuwa vichache. Mwaka 1963 shule ya udaktari ikafunguliwa Dar es Salaam, nayo ndiyo iliyokua hata kuwa Chuo Kikuu cha Muhimbili. Hospitali ya KCMC huko Moshi ikafunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha udaktari kikaanza mwaka 1997. Na Bugando huko Mwanza kikafuata mwaka 2003. Kila mlango mmoja ulipofunguliwa, waliingia watu ambao jana wangaliambiwa kwamba hawafai.

Lakini sasa, ndugu, tugeuke tutazame upande wa pili, maana haki ina mizani yenye vitanga viwili. Tumesema habari za mwanafunzi. Tumwangalie na mgonjwa. Mama aliyebebwa usiku kutoka kijijini, hali amekwisha kupungukiwa damu, hana faida na huruma tuliyomwonea daktari wake alipokuwa shuleni. Mtoto wa kilo 10 hapewi dawa kama ya mtu mzima. Na katika hesabu ya dawa, nukta moja ikiwekwa mahali pasipo pake, kipimo huwa mara kumi, na dawa huwa sumu. Kwa hiyo mlango wa udaktari haukuwekwa kwa kiburi cha wasomi. Umewekwa kwa ajili ya mgonjwa, asiyeweza kumtahini amtibuye. Mtu akiomba mlango huo ulegezwe kwa kumhurumia kijana, aomba mtu mwingine ailipe huruma hiyo kwa mwili wake.

Hapo ndipo twaona ubaya wa wale wapitao ukutani. Mwaka 2017 ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa serikali ulionyesha watu zaidi ya 9,000 wenye vyeti vya kughushi, na watu wa idara ya afya walikuwamo. Labda wengine wao walianza kama kijana wetu: walishindwa mara moja, wakaona haya, wakatafuta njia ya mkato. Lakini anunuaye cheti hakuiponya ile kasoro yake; ameificha tu, na mahali alipoificha ni ndani ya mwili wa mgonjwa. Basi neno la kwanza twaliweka imara: kuanza vibaya si aibu, na kutaka tena si dhambi, ila ile kasoro hapana budi iponywe kweli kweli, wala isifunikwe.

Je, yaweza kuponywa? Yaweza, na njia ipo. Aliyeshindwa masomo yake ya sayansi aweza kuyarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na aliyefaulu sayansi kwa kadiri ya wastani, asipate nafasi ya Kidato cha Tano, aweza kuomba chuo cha utabibu. Huko husoma miaka mitatu, akatoka na stashahada, akawa tabibu. Kisha akiwa na alama njema aweza kuomba chuo kikuu pamoja na wale waliotoka Kidato cha Sita. Udaktari ni miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa kazi hospitalini chini ya wakubwa. Tuhesabu basi. Apitaye Kidato cha Tano na cha Sita huwa na miaka miwili, na mitano, na mmoja, jumla minane. Apitaye utabibu huwa na mitatu, na mitano, na mmoja, jumla tisa. Tofauti ni mwaka mmoja! Ni kweli kwamba nafasi ni chache na gharama ni nzito, tena wengi hukaa kazini miaka kadhaa kati ya hatua na hatua, wakitafuta fedha. Hata hivyo, wengi wa vijana wetu waliokata tamaa hawakuwahi kukaa na mtu akawafanyia hesabu hiyo.

Wala mtu asidhani kwamba waliopanda kwa ngazi ya chini ni waganga nusu. Kwa miaka mingi katika nchi yetu matabibu wazoefu walisomeshwa zaidi, wakawa madaktari wasaidizi, na katika hospitali nyingi za wilaya wao ndio waliowapasua akina mama walioshindwa kujifungua. Mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi wa kazi hiyo katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, na wachunguzi hawakuona tofauti kubwa kati ya matokeo ya wasaidizi hao na ya madaktari wenye shahada. Neno hili halithibitishi kwamba masomo marefu hayana kazi. Yako maradhi mengi yanayoyahitaji. Lathibitisha kwamba mkono uliofundishwa polepole, penye kitanda cha mgonjwa, waweza kuwa mkono amini. Wazee walisema, kutangulia si kufika.

Lakini uvumilivu nao una bei yake, na bei hiyo si sawa kwa watu wote. Wengi humtaja John Gurdon wa Uingereza, ambaye katika shule ya Eton, mwaka 1949, alikuwa wa mwisho katika somo la elimu ya viumbe kati ya wanafunzi 250, na mwalimu wake akaandika kwamba si busara kwake kuutamani usomi wa sayansi. Mwaka 2012 mtu huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya utabibu. Habari hii ni ya kweli, nayo yatia moyo. Ila wanaoisimulia husahau kueleza kwamba wazazi wake waliweza kumlipia mwalimu wa peke yake mwaka mzima, ili apate kuanza upya. Moyo wa kujaribu tena alikuwa nao. Lakini fedha za kujaribu tena pia zilikuwako. Mtoto wa mkulima wa mpunga huenda akawa na ule wa kwanza asiwe na zile za pili. Tusimhubirie Gurdon kana kwamba tumempa na mwalimu wa Gurdon.

Mzazi mmoja wa bonde hili alitujia na shauri lake. Akasema, "Baba Mchungaji, binti yangu amerudia mtihani mara moja, na alama zimepanda kidogo tu. Nimekwisha kuuza ng'ombe wawili. Yeye asema hataki kazi nyingine yo yote ila udaktari. Je, niuze na wa tatu? Maana mdogo wake naye ameingia sekondari." Hilo, ndugu, ndilo swali lenyewe, limevuliwa maneno ya mapambo. Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake za sekondari hata Kidato cha Nne, lakini sare, madaftari, chakula na nauli havikuondolewa. Ng'ombe wa tatu akiuzwa kwa ajili ya dada, kuna daftari la ndugu lisilonunuliwa. Wasemao kwamba kila mtu afuate shauku yake mpaka mwisho, hawakuhesabu ni nani aendaye nyuma akiubeba mzigo.

Wengine wangependa tumpime binti huyu kwa moyo wake, tukimwuliza, "Wautafuta uganga, au wautafuta ukubwa? Kama usingepata kamwe kuitwa daktari, ungekubali kuwa muuguzi au tabibu, ukaridhika?" Swali hilo ni jema. Lakini tuangalie dhuluma iliyojificha ndani yake: yule aliyefaulu mara ya kwanza hakuulizwa hivyo. Mtoto wa mjini mwenye daraja la kwanza huingia chuoni, na hakuna amtahiniye moyo, hata akiwa ataka gari na heshima tu. Kwa nini basi mwenye alama haba adaiwe moyo safi kuliko mwenzake? Kushindwa hesabu si ushahidi wa tamaa mbaya. Ama tuwaulize wote, ama tusimwulize hata mmoja. Nasi twaona heri waulizwe wote.

Maana liko jibu moja lililotolewa kwa maisha ya mtu, wala si mbali na hapa. Ng'ambo ya nyanda za Ufipa, kando ya Ziwa Tanganyika, iko Karema. Huko alifika mwaka 1889 mtu aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, yapata mwaka 1866. Akaibwa hali angali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa huko Algeria na wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe. Hakuna aanzaye masomo katika hali duni kuliko mtoto aliyenunuliwa. Wakampeleka Malta mwaka 1881, akajifunza utabibu huko, kisha akaja Karema awe mkatekista na mganga pamoja. Akakaa hapo hata alipokufa mwaka 1956, miaka zaidi ya 60, akitibu watu wa pwani ile. Wakati wa maisha yake tawala zilipita, Wadachi wakaondoka na Waingereza wakaja. Yeye akabaki penye wagonjwa wake. Katika mji wa Sumbawanga iko hospitali iitwayo kwa jina lake. Yeye si wa kanisa letu, lakini wema hauulizi mipaka ya sharika.

Twajifunza nini kwake? Si kwamba maskini watosheke na vyeo vidogo. Maneno hayo yamewafaa sana wenye vyeo vikubwa. Twajifunza kwamba kazi ya kuponya ni kubwa kuliko jina la ngazi mtu aliyosimama juu yake, na kwamba mtu aweza kuianza kabla ya kufika juu. Martin Luther alifundisha kwamba kazi ya mkulima na ya mtumishi wa nyumbani ni wito kamili kama kazi ya kasisi. Kadhalika muuguzi wa zahanati ya kijijini hangoji kuwa kitu kingine ndipo awe mtu wa maana. Ajuaye hivyo aweza kuendelea kupanda bila kuudharau mguu uliopo chini, na asipofika juu, hakupotewa na miaka yake.

Kwa hiyo yule mzazi tulimshauri hivi. Ng'ombe wa tatu ni wa mtoto mdogo. Asiuzwe kwa ajili ya dada. Wala binti asiambiwe kwamba mlango umefungwa. Alama alizonazo sasa zitazamwe kwa makini pamoja na mwalimu ajuaye masharti ya vyuo vya mwaka huu, wala si kwa uvumi wa sokoni. Kama zatosha kwa chuo cha utabibu au cha uuguzi, aende huko kwanza. Akipata kazi, mshahara wake mwenyewe na uwe ng'ombe wa safari ya pili. Na kama bado limepunguka somo moja, arudie hilo moja tu, kwa muda uliowekwa, naye akiwa ana kazi mkononi. Muda huo ukiisha bila kupata, si laana. Ni habari, nayo ipokewe bila kumtukana mtu. Hivyo shauku yake haikuzimwa, wala haikuteketeza nyumba.

Tulipompa shauri hilo, tuliona kwamba twaweza kulifupisha katika mambo matatu, yampasayo kila kijana wa namna hii kujipima. La kwanza, je, naiponya kasoro yangu, au naificha? Kama hesabu ilinishinda, ninafanya hesabu kila siku, au natumaini tu kwamba mtihani ujao utakuwa mwepesi? Maombi hayafanyi kazi ya kitabu, kama vile maombi hayalimi shamba. La pili, ni nani alipaye gharama ya kujaribu kwangu, naye amekubali, au amenyamaza tu? La tatu, je, katika njia ninayoipita, yuko mtu anayefaidiwa nami leo, au wote wangoje mpaka nifike? Aliye na jibu jema kwa matatu hayo, na aende, hata kama ataanguka tena. Huo si ukaidi, ni uvumilivu. Asiye na jibu, hata akiwa na machozi mengi, bado ashikilia jina tu.

Nasi tulio wazee wa sharika na waalimu tusidhani kwamba swali hili ni la vijana peke yao. Mwanafunzi wa sayansi asiye na taa ya kusomea usiku, hali jengo la usharika lina taa na limefungwa, huyo ameshindwa na sisi kabla hajashindwa na mtihani. Katika kila usharika hukosi kuwamo mwalimu mstaafu, au tabibu wa kituo cha afya, au mwanafunzi aliyerudi likizo, awezaye kukaa saa mbili kwa juma na watoto wa kemia na hesabu. Chumba kipo, meza zipo, na watoto wapo. Mtu mmoja akiandika majina yao na kuweka siku, kazi imeanza. Na matokeo yatakapotoka tena, tusiishie kwenda katika nyumba ya vigelegele. Twende na katika ile ya kimya, hali tumechukua kalamu na karatasi ya kufanyia hesabu.